Na Mpangaji Je, Atapewa Nini?

Nyumbani, Jumatatu, 3 Juni

Kimya wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaisukumia chini ya mto ninaoushona, nikaitoa, nikaisoma tena. Hasira iko palepale. Nimejidunga sindano kidoleni kwa ajili yako, kwa hiyo ukiona doa hapo pembeni ujue ni damu ya bibi yako wala si chai.

Mwezi mzima unajua mtoto ana tatizo, na mwezi mzima unaniandikia habari za mvua na paka wa jirani. Mimi na paka wa jirani wapi na wapi?

Haya, nimekuelewa hivi, unisahihishe nikikosea. Mpangaji wetu huko tumboni ni wa kiume na njia yake ya mkojo imeziba. Mkojo unarudi nyuma, unavimbisha kibofu, unaumiza figo. Yale maji anayoogelea yanapungua, na bila maji hayo mapafu yake hayakui. Ndiyo maana hawawezi kungoja azaliwe. Watapitisha sindano nene kwenye tumbo lako mpaka ndani yake yeye, wamwachie kimrija kibofuni ili mkojo utoke. Wewe utachomwa ganzi ya mgongoni, utakuwa macho, ila kuanzia kiunoni kwenda chini huna habari. Hayo nimeyakubali. Sikusema nimeyapenda.

Lakini umeandika, "Na mtoto atapewa dawa ya kumtuliza, asitikisike." Halafu ukarukia uji wa hospitali kwamba hauna sukari.

Ngoja. Rudi hapo. Asitikisike, sawa. Na maumivu je? Hiyo ganzi yako inamfikia? Maana mguu wako ukifa ganzi, wangu haufi. Huyu naye ana mguu wake, ana tumbo lake, na ndilo linalotobolewa. Atapewa nini?

Nenda kaulize. Usiniandikie kitu kingine mpaka umeuliza. Na usinipigie simu. Unajua sikio moja limeshaniaga na la pili linafunga mizigo. Nikisikia nusu ya habari, nusu iliyobaki naijaza mwenyewe kwa ubaya. Andika, msusi wetu akija kufuata nywele za kusukia atanibebea.

Mwambie mume wetu kwamba mtoto si sinki. Nimeuona mchoro wake wa valvu pembeni mwa barua yako. Ni fundi bomba mzuri, simkatalii, lakini sinki halina roho.

Mgongee Mpangaji mara mbili upande wa kushoto, kama nilivyomgongea nilipokuja. Akijibu, mwambie ni mimi.

Bibi yako mwenye hasira


Mjini, Alhamisi, 6 Juni

Bibi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuficha. Nilijua ukijua hutalala, na wewe usipolala nyumba nzima hailali.

Nimeuliza. Nilimkuta yule bingwa wa upasuaji anatoka chumbani kwake, mkono uko kwenye kitasa, wanafunzi wake wamemzunguka. Nikamwambia, samahani daktari, mtoto naye atapewa dawa ya maumivu? Akasema, "Mama, huyo bado ni mdogo sana, hasikii kitu. Tutamlegeza tu atulie, kazi iende." Akatabasamu, akafunga mlango. Mwanafunzi mmoja akacheka, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kuna daktari mwingine, mwanamke, daktari wa usingizi. Sijamwona. Muuguzi anasema ndiye atakayekaa kichwani kwangu siku hiyo. Labda yeye anajua zaidi, lakini Bibi, nakuomba usinitume tena. Hapa tuko wengi, na wanatusaidia. Sitaki wanione mimi ndiye mama msumbufu.

Na kwa nini umewaka hivi? Sijawahi kukuona unachukia hospitali. Ulijifungulia hospitali watoto wote. Baba alipasuliwa akiwa mchanga wa siku mbili, na hadithi hiyo umetusimulia mpaka tunaijua kwa moyo, jinsi alivyokuwa jasiri hakulia hata mara moja.

Nimemgongea. Amejibu kwa teke, na mume wetu akaruka. Anasema valvu amezifuta.

Mjukuu wako


Nyumbani, Jumamosi, 8 Juni

Kimya,

Hiyo hadithi ndiyo inayoniwasha. Sasa nikusimulie kipande ambacho sijamsimulia mtu.

Baba yako alizaliwa utumbo umejifunga, tumbo gumu kama ngoma. Wakamchukua. Nikakaa kwenye benchi la korido, maziwa yananichuruzika mpaka kanzu ikaloa, na nyuma ya mlango ule sikusikia kitu. Muuguzi akatoka na kuniambia, "Hongera mama, una mtoto jasiri, hakulia hata kidogo." Unavyonijua, nililibeba neno hilo kila mahali. Msibani nilisema, harusini nilisema. Wenzangu wakisifia watoto wao kwa shule, mimi nasema wangu alipasuliwa na hakulia.

Miaka imekwenda, baba yako ameshaoa, ninyi mmeshakua, nikaitwa kwa bibi mmoja muuguzi mstaafu kumjazia godoro upya. Nikiwa nachambua pamba nikajigamba kama kawaida yangu. Yule bibi akaweka kikombe chini. Akasema, "Dada, siku zile hawakulia kwa sababu tuliwalegeza." Nikamuuliza, mliwalaza? Akasema, "Tuliwalegeza. Misuli haifanyi kazi, mtoto hawezi kulia wala kurusha mkono." Nikamuuliza, na alikuwa anasikia? Akasema, "Tuliambiwa hawasikii." Nikamuuliza tena. "Tuliambiwa hawasikii." Nikamuuliza mara ya tatu, akaanza kulia yeye.

Nilimaliza godoro lake, nikalishona vizuri, nikaenda zangu. Sijajigamba tena tangu siku hiyo. Ninyi ndio mmeendelea kuisimulia.

Baba yako leo ana mvi. Anachomelea mageti, cheche zinamwangukia mikononi hata hajipangusi. Lakini shuka likichomekwa chini ya godoro, analirusha kama kaona nyoka. Mimi ninayeshonea watu magodoro ya kila namna, kitandani kwa mwanangu shuka sijawahi kulichomeka. Sijui kama ndiyo sababu. Sisemi ndiyo sababu. Ila usimwambie.

Sasa huyo bingwa wako ananirudishia maneno yaleyale, tena ameshika kitasa! "Hasikii kitu, tutamlegeza atulie." Watu wamekwenda shule miaka yote hii na bado wanakariri lile walilomwambia yule bibi? Kumfunga mtu mikono na mdomo si kumwondolea maumivu. Mwizi naye hufanya hivyo.

Humu ndani nimeweka barua nyingine, nimeikunja ndogo. Mpe huyo daktari wa usingizi. Huna haja ya kusema neno. Mkabidhi tu, utazame viatu vyako ukipenda.

Bibi yako


Kwa Daktari wa Usingizi
Jumamosi, 8 Juni

Daktari,

Mimi ni bibi wa huyo aliyekupa karatasi hii. Darasani sikukaa, kusoma nilijifunza nikiwafunikia watoto wangu madaftari, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua vumilia, mimi nimevumilia makubwa zaidi kwenu.

Nasikia kitukuu changu mtamlegeza na kumtoboa akiwa anasikia. Nasikia mnasema ni mdogo. Mdogo kwa nani? Mjukuu wangu akigonga tumbo, yeye anajibu. Asiyesikia kitu anajibuje?

Nataka hivi: mlazeni mama yake nusu kaputi, alale kabisa, ili na mtoto alale naye. Mkimfungua akiwa macho na mtoto ana maumivu yake peke yake gizani, mimi nitakuja kukaa kwenye benchi lenu, na safari hii sitanyamaza.

Kama wewe una mtoto, unanielewa. Kama huna, ulikuwa mtoto.

Bibi, fundi wa magodoro


Hospitalini, Jumatano, 12 Juni

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimetukanwa sana kwenye kazi hii, lakini ni mara ya kwanza kutukanwa kwa jambo ambalo mwenyewe nalipigania kila wiki. Kwa hiyo nami nakujibu kwa hasira, ila si kwako.

Mjukuu wako ameambiwa robo ya habari. Aliyemwambia, haikuwa kazi yake kumwambia. Dawa za mtoto ni kazi yangu, na mimi nilikuwa sijaitwa.

Mtoto nitampa dawa tatu katika bomba moja la sindano, nitamchoma pajani, tukimwona kwenye picha, kabla mtu yeyote hajamgusa. Kuna dawa kali ya maumivu. Kuna ya kumlegeza, maana akirusha mguu sindano ile nene ikiwa ndani, itamchana. Na kuna ya kuushikilia moyo, kwa sababu mtoto wa tumboni akishtuka moyo wake haukimbii kama wako, aghalabu unazama. Ile ya kulegeza peke yake simpi mtoto wa mtu. Nikiona imeandikwa peke yake, naikata kwa kalamu.

Hilo la kusikia, sikudanganyi. Wataalamu wanabishana bado ni lini hasa mtoto wa tumboni anaanza kuhisi maumivu kama mimi na wewe. Lakini mwili wake ukitobolewa bila dawa unapiga kelele kwa njia zake, damu inabadilika, moyo unabadilika. Mimi siwezi kukaa nikangoja wabishi wamalize.

Kuhusu mguu wako na mguu wake, ni kweli, ganzi ya mgongoni ya mama haimtoshelezi mtoto. Lakini kuhusu nusu kaputi umekosea, na nakukatalia. Ni kweli dawa za kumlaza mama hupita kwenye kondo zikamfikia mtoto. Ila kwa kazi fupi kama hii, kumlaza mjamzito kabisa ni kumwongezea hatari ya pumzi bila sababu. Akiwa macho nitaongea naye. Nimemwona, ni mkimya sana, nataka aniambie akisikia kichefuchefu.

Jambo moja umwambie, maana kwangu anaitikia tu "ndiyo daktari". Baada ya upasuaji mtoto ataendelea kulegea kwa saa kadhaa. Asigonge. Hatajibiwa, na ataogopa bure. Upasuaji ni Jumatano ijayo.

Benchi letu ni bovu, Bibi. Ukija, njoo na godoro.

Daktari wa Usingizi


Wodini, Ijumaa, 14 Juni

Bibi,

Haikungoja Jumatano. Jana walipima wakakuta maji yamepungua sana, leo asubuhi wakanisukuma mpaka chumba cha upasuaji. Nakuandikia nimelala, kalamu inaishiwa wino nikiielekeza juu.

Yule daktari alikaa kichwani kwangu. Anamumunya pipi ya mnanaa nyuma ya barakoa. Aliliinua bomba la sindano nilione, akasema, "Mwambie bibi yako zote tatu zimo." Nikacheka, na yule bingwa akauliza kuna nini. Daktari wa usingizi akamwambia, "Mambo ya wakubwa."

Moyo wa mtoto tuliusikia kwenye mashine, mbio mbio kama cherehani. Wakaanza. Mimi sikusikia kitu, ni mikono tu inanisukuma kama wanapanga masanduku. Halafu nikaona kichefuchefu na mwanga unaniondoka, nikasema polepole, "Daktari." Palepale cherehani ikaanza kuchoka. Ikawa kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Daktari wa usingizi akasema, "Simama." Bingwa akasema, "Nimefika, dakika moja." Akasema, "Mkono nje." Yule akasema, "Nimeshafika kibofuni, nikitoka sasa—" Bibi, hakupaza sauti. Akasema, "Huyu mtoto ni mgonjwa wangu kama alivyo wako. Mkono nje." Bingwa akautoa mkono.

Wakanilaza ubavu wa kushoto, daktari wa usingizi akanisukumia dawa kwenye dripu. Kumbe presha yangu ndiyo iliyoshuka, na mtoto anaishi kwa presha yangu. Nikawa nahesabu mapigo, nikapotea, nikaanza tena. Kisha cherehani ikarudi. Akasikiliza kwanza, hakuwa na haraka yoyote. Ndipo akasema, "Haya, sasa endelea."

Wanasema kimrija kimekaa vizuri.

Mume wetu amekwenda kufuata nguo. Nimegonga mara mbili upande wa kushoto. Hajibu.

Nimegonga tena. Hajibu, Bibi. Muuguzi amepita, sikuweza kumwita. Nitamwambia nini, na yeye ana watu wengi. Nimegonga kila upande


Nyumbani, Ijumaa, 14 Juni

Kimya wangu,

Daktari wako amenijibu! Mwanamke mwenye ulimi huyo, amenikatalia kitu na bado nampenda. Kitukuu atapewa dawa ya maumivu. Nimeisoma hiyo sentensi kwa sauti nikiwa peke yangu, paka akatoka. Ndiyo, nami nina paka sasa, usiniulize.

Sikiliza, hili ni la muhimu kuliko yote. Jumatano ukishatoka chumba cha upasuaji, USIGONGE. Mtoto atakuwa amelegea kwa saa kadhaa, hatajibu, na si kwamba kuna ubaya. Ukishindwa kujizuia, ukagonga na usijibiwe, fungua mdomo uite mtu. Nimekuita Kimya tangu mdogo kwa sababu hukuwa na makelele, na watu wote tukapumzika. Tulipumzika vibaya. Mtu asiyepiga kelele anasahauliwa pamoja na maumivu yake. Piga kelele, mke mwenzangu. Nakuruhusu.

Barua hii msusi ataibeba kesho, utaipata mapema kabla ya Jumatano.

Bibi yako


Wodini, Jumapili, 16 Juni

Bibi, shikamoo,

Barua yako imefika jana jioni, na upasuaji ulikuwa umeshapita. Lakini kabla haijafika nilikuwa nimeshapiga kelele. Siku ileile. Ile barua niliyoiweka humu pamoja na hii niliiacha katikati, kalamu ikaanguka, nikaita "Jamani!" Sijawahi kuisikia sauti hiyo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimwaga chai. Wauguzi wakaja wawili, na yule bingwa mwenyewe akatokea mlangoni, akasema, "Mama, tulia, ni dawa ile, itaisha." Nikamwambia, "Sitatulia. Niwekeeni moyo nisikie."

Wakaniwekea. Cherehani ilikuwa inashona.

Daktari wa usingizi alikuja baadaye akiwa na koti la kuondokea nyumbani. Akaomba radhi kwamba alimwachia mtu wa mbali anieleze jambo alilopaswa kunieleza yeye, akaketi pembeni ya kitanda mpaka. Mpaka pale, Bibi. Kwanza kama kipepeo. Halafu teke. Yeye ndiye aliyesema, "Haya, mwandikie."

Nakuandikia.

Mjukuu wako


Wodini, Jumatatu, 23 Septemba

Bibi, shikamoo,

Ijumaa mume wetu alikupigia simu, anasema ulipiga kelele kisha ukaitupa. Sasa pokea habari kamili. Amezaliwa, na mapafu yamekua vizuri, wodi nzima inayasikia. Figo moja ni dhaifu, wataitazama, ya pili inafanya kazi. Ile njia iliyoziba wataizibua wiki ijayo, na nimeshauliza atapewa nini, wala sikuuliza mlangoni. Yule bingwa alipomfunua kukagua kimrija, mkojo ulimrukia mpaka kwenye saa. Mume wetu anasema presha ya bomba ni nzuri.

Jana muuguzi kijana alikuja kumtoboa kisigino apate damu. Nikamwambia ngoja nimnyonyeshe kwanza, ndipo umtoboe akiwa ananyonya. Akasema, "Dada, wachanga hawasikii sana, ni mara moja tu." Bibi, nilitoa mguu wangu nje ya shuka nikamwekea pale mbele yake. Nikamwambia, "Basi anza na kisigino hiki, ni mara moja tu." Wodi ikaangua kicheko. Akangoja. Mtoto alitoa mlio mmoja mfupi, akaendelea kunyonya.

Baba alikuja jioni moja kwa moja kutoka karakana, ananuka chuma. Akanawa mpaka viwikoni. Akamshika muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Huyu alipotobolewa kule ndani, walimpa dawa ya maumivu?" Nikasema, "Walimpa." Akasema, "Vizuri." Akamlaza kitandani. Blanketi lilikuwa limechomekwa kuzunguka miguu, wauguzi hulikaza sana. Akalichomoa upande huu, akazunguka, akalichomoa na upande wa pili.

Sikumwambia kitu, Bibi. Naapa.

Mjukuu wako


Nyumbani, Alhamisi, 26 Septemba

Kimya wangu, ingawa jina hilo sasa tulitafutie mwingine,

Hapo kwenye blanketi nimesoma mpaka karatasi ikalainika. Nitazungumza na mwanangu mimi mwenyewe. Barua haitoshi, na simu siiamini.

Nakuja Jumapili. Nimemshonea mtoto kigodoro cha pamba niliyoichambua kwa mkono, na kingine kipana cha lile benchi la korido, maana daktari wangu alisema ni bovu na mimi nitalikalia siku watakayomzibua. Mwambie mume wetu aje stendi na mkokoteni.

Daktari wa usingizi msalimie, mwambie nimemletea mto. Na yule bingwa mwambie bibi anakuja, ana swali moja, na atalijibu ameketi.

Asishike kitasa.

Bibi yenu wote wawili